Ukame wa Mbingu na Ukame wa Ghala: Gitega na Muyinga katika Historia

Katika insha za wanafunzi wetu, wala si za wanafunzi peke yao, hukutwa mara nyingi sentensi ya namna hii: "Mwaka ule kulitokea ukame, watu wakafa kwa njaa." Sarufi yake haina dosari. Upatanisho umetimia, nyakati zimefuatana, na kiambishi -ka- kimeifanya kazi yake ya kuunga tendo na tendo lililolifuata. Lakini kiambishi hicho kimetwishwa mzigo uliokishinda kimo. Kinatuambia kwamba kati ya mvua kukosekana na mtu kufa hapakuwa na jambo jingine: hapakuwa na shamba, chemchemi, soko, wala mtu mwenye mamlaka aliyeamua chakula kiende wapi. Historia ya Burundi, na hasa ile ya Gitega na ya Muyinga, yaonyesha kwamba mambo hayo yalikuwapo, na kwamba aghalabu ndiyo yaliyoua.

Tuanze na neno lenyewe. Ukame latokana na sifa kame, isemwayo juu ya nchi isiyoota kitu, na wapo wanaoihusisha na kitenzi kukama, yaani kukamua maziwa. Nchi kame ni kama ng'ombe aliyekamuliwa hata chuchu zikakauka. Mzungumzaji wa Kirundi hatashangazwa na uhusiano huo, maana kwake gukama ni kukamua, na chemchemi ikikauka nayo husemwa kuwa imekama. Maneno mengine ya jambo hili ni ndugu wa damu katika lugha zetu mbili: jua na izuba, mvua na imvura, njaa na inzara. Mwalimu wa Muyinga anayefundisha msamiati wa hali ya hewa ana akiba kubwa mkononi kuliko mwenzake aliye mbali na lugha za Kibantu.

Akiba hiyo, hata hivyo, ina mitego yake. Kwa Warundi mwaka wa kilimo umegawanyika katika vipindi vitatu. Agatasi huanza na mvua za Septemba na kumalizikia Januari. Impeshi hushika Februari hadi Juni. Na ici ndicho kipindi kikavu cha Juni hadi Septemba, ambapo hulimwa katika mabonde yenye majimaji tu. Mwanafunzi akiulizwa Kiswahili cha ici hujibu mara moja kwamba ni kiangazi, na jibu hilo halikosi maana. Lakini kwa mtu wa Pwani kiangazi ni joto la Desemba hadi Februari, wakati wa upepo wa kaskazi, na miezi ya Juni na Julai kwake ni kipupwe, wakati wa baridi. Vuli na masika nazo zinalingana na agatasi na impeshi kwa kukadiria tu, kwa kuwa katika nyanda za juu za Burundi kilichopo kati ya mvua hizo mbili si kiangazi kamili, bali ni mapumziko mafupi ya Desemba na Januari, ambayo baadhi ya miaka hata hayaonekani. Mapumziko hayo mafupi yakumbukwe, kwa sababu tutayarudia.

Wataalamu wa mambo haya nao walisumbuliwa na wingi wa maana za neno moja. Mwaka 1985 Donald Wilhite na Michael Glantz walikusanya maana nyingi zilizokuwa zikitumika duniani, wakaziweka katika mafungu manne. Fungu la kwanza ni upungufu wa mvua ukilinganishwa na kawaida ya mahali. La pili ni upungufu wa unyevu katika udongo, kwa kadiri mmea unavyouhitaji. La tatu ni kupungua kwa maji ya mito, maziwa, mabwawa na chemchemi. La nne ni hali ambayo upungufu huo huwafikia watu, kwa kuwa kinachotakiwa kimezidi kinachopatikana. Sisi tungependekeza, kwa matumizi ya darasani, majina mafupi yaliyo karibu na maisha: ukame wa mbingu, ukame wa udongo, ukame wa vijito na ukame wa ghala. Kwa ghala tunakusudia kile ambacho Warundi hukiita ikigega, pamoja na soko na mfuko wa mnunuzi.

Vitabu vingi huyapanga mafungu hayo kama ngazi: mvua hukatika, udongo hukauka, mito hushuka, watu huona njaa. Mpango huo hurahisisha ufundishaji, na kwa kiasi fulani ni kweli, maana maji hutoka juu yakaenda chini. Lakini anayeufuata bila kuutazama mara mbili ataidhani ngazi kuwa lazima, kwamba mtu akikanyaga kidato cha kwanza hana budi kufika cha nne. Hapo ndipo -ka- ile inapoingia tena kwa mlango wa nyuma.

Gitega imekaa katikati ya nchi, katika nyanda za juu za kati ambazo ndizo zilikuwa moyo wa ufalme wa Burundi. Mvua yake kwa wastani hupita milimita 1,100 kwa mwaka. Muyinga iko kaskazini-mashariki, kuelekea mpaka wa Tanzania na njia ya Kobero. Upande wake wa magharibi, katika nchi ya Kirundo, ardhi hushuka kuelekea uwanda wa Bugesera, ambako wastani wa mvua huwa chini ya milimita 1,000, jua ni kali, na mvua za Septemba huchelewa. Muyinga basi ni nchi ya ukingoni, ambayo mwaka mmoja huifanana Gitega na mwaka mwingine huifanana Bugesera. Kwa mgawanyo mpya wa mikoa uliopitishwa mwaka 2023, ambao mikoa 18 ilipunguzwa ikawa 5, Muyinga iliingizwa katika mkoa wa Buhumuza, na Gitega ikabaki jina la mkoa wake, tena mkubwa zaidi. Mji huo ulikwisha kuwa makao makuu ya kisiasa ya nchi tangu mwanzo wa 2019.

Miji hii miwili inaungwa na maji. Mto Ruvubu, ambao jina lake latokana na imvubu, yaani kiboko, hupokea karibu na Gitega maji ya Ruvyironza, kijito kitokacho kusini, upande wa Rutovu, ambako Mjerumani Burkhart Waldecker alionyesha mwaka 1937 chimbuko la Naili lililo kusini kuliko yote. Kisha Ruvubu huelekea kaskazini-mashariki, hupita pembeni mwa nchi ya Muyinga katika hifadhi iitwayo kwa jina lake, na hatimaye huungana na Nyabarongo ukawa Kagera. Mvua isiyonyesha Gitega mwezi wa Machi, kwa hiyo, ni maji yatakayokosekana huko chini baadaye, hata kama huko chini mvua imenyesha.

Tuchukue sasa kidato cha kwanza na cha pili, ambavyo ndivyo vinavyochanganywa zaidi. Ipo methali isemayo, "Mvua ya kwanza ndiyo ya kupandia." Ni methali njema Pwani, na huhimiza bidii. Katika mashamba ya Muyinga inaweza kumfilisi mtu. Mvua ya kwanza ya Septemba huweza kunyesha siku tatu ikakoma majuma matatu. Maharage yaliyopandwa yakachipua, yakakosa maji, yakafa, na mbegu ikawa imekwenda. Baadaye Oktoba na Novemba mvua ikamwagika kwa wingi, na mwisho wa mwaka aliyepima maji katika kipimo akaandika kwamba hakuna upungufu wowote. Huo ni ukame wa udongo usio na ukame wa mbingu. Vivyo hivyo yale mapumziko mafupi ya Desemba na Januari: yakirefuka kwa majuma machache tu wakati mmea unapotoa maua, hesabu ya mwaka mzima huenda isibadilike hata kidogo, lakini maganda yatakuwa matupu. Maharage huiva kwa muda wa miezi mitatu hivi, na miezi mitatu haina nafasi ya kusubiri.

Kinyume chake nacho kipo. Mtama na muhogo huvumilia upungufu wa mvua ambao maharage na mahindi hayauwezi. Shamba la migomba lililotandazwa majani hutunza unyevu majuma mengi, na jirani yake, mlimani pasipo na kitu juu ya ardhi, udongo huwa umekwisha kuwa vumbi. Mvua ni ile ile na mlima ni ule ule. Hapa tuongeze jambo ambalo wanahistoria wa kilimo wanalijua lakini halifiki sana madarasani. Wabelgiji walipoeneza kahawa tangu mwanzo wa miaka ya 1930, walimlazimisha mkulima si kuipanda tu, bali pia kuitandazia majani. Majani hayo yalikatwa katika ardhi nyingine ya mkulima huyo huyo. Kwa hiyo unyevu ulilindwa chini ya zao la kuuzwa, na shamba la chakula likaachwa wazi. Ukame wa udongo, ambao tungeudhani kuwa kazi ya jua peke yake, nao pia ulikuwa na amri ya serikali ndani yake.

Kidato cha tatu kina tabia yake, nayo ni uzito. Udongo wa juu hukauka kwa majuma. Chemchemi za milimani, zinazolishwa na maji yaliyozama chini miezi mingi nyuma, hukawia. Hukawia kupungua, na hukawia kurudi. Ndiyo maana mkulima anaweza kuona maharage yake yakistawi katika mvua mpya, na bado binti yake anakwenda mbali zaidi kuteka maji kuliko mwaka uliopita. Ukame wa vijito unaweza kuanza pale ambapo ukame wa mbingu umekwisha kusahauliwa. Mabonde yenye majimaji ndiyo yaliyokuwa kinga dhidi ya jambo hili. Yalifyonza maji ya mvua kama sifongo, yakayatoa kidogo kidogo wakati wa ici, na watu wakapanda humo viazi vitamu na mboga. Kuyalima mabonde hayo kwa kuyachimbia mifereji ya kutoa maji kuliongeza chakula cha msimu wa tatu, na jambo hilo limeokoa maisha. Lakini bonde lililokaushwa kupita kiasi halifyonzi tena, na ndipo kijito cha chini hukoma mapema.

Sasa tufike kwenye ghala, ambapo historia ina mengi ya kusema.

Zamani za wafalme, mwaka wa kilimo ulifungwa na sherehe ya Umuganuro, iliyofanywa kila mwaka kwa ajili ya mbegu ya mtama. Ngoma zililia, mwami akaonja chakula cha mtama, na kwa tendo hilo upandaji ukafunguliwa rasmi. Sherehe hiyo iliangukia mwezi wa Desemba, yaani katika yale mapumziko mafupi tuliyoyataja. Hatusemi kwamba waliokuwa wakiiongoza walikuwa wapima hali ya hewa. Twasema tu kwamba zao la mfalme lilikuwa zao la kustahimili ukavu, na kwamba lilipandwa kwa tarehe moja iliyotangazwa, wala si kwa pupa ya mvua ya kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1920, chini ya Mwami Mwambutsa IV aliyewekwa akiwa mtoto mwaka 1915, sherehe hiyo ilikoma kwa shinikizo la utawala wa kikoloni na la wamisionari.

Wala tusidhani kwamba zamani hizo hazikuwa na njaa. Miaka ya mwisho ya utawala mrefu wa Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908, ilikuwa miaka ya mateso. Tauni ya ng'ombe ilipita mwanzoni mwa miaka ya 1890, funza wakaingia, ndui ikaua, nzige wakala mashamba. Ng'ombe walikuwa ndiyo akiba ya mwisho ya familia, kwani mavuno yakikosekana ng'ombe hubadilishwa kwa chakula. Ng'ombe walipokwisha kufa, mwaka wa mvua chache ambao zamani ungevukwa kwa shida ukawa mwaka wa kifo. Mbingu haikubadilika, bali ghala ndilo lililobomolewa kabla.

Wajerumani walijenga kituo chao Gitega, wao wakiandika Kitega, wakahamishia hapo makao ya Rezidenti kutoka Usumbura mwaka 1912. Askari na wafanyabiashara waliofuatana nao walikuja na Kiswahili, na mtaa wa Waswahili ukazaliwa, kama ulivyozaliwa Muyinga na katika vituo vingine. Wabelgiji walichukua nchi mwaka 1916, wakaendelea kuitawala Urundi kutoka hapo hapo. Baada ya njaa kubwa ya 1928 na 1929, ambayo Wanyarwanda waliipa jina la Rwakayihura, utawala ulikaza amri ya kila mkulima kuwa na kipande cha muhogo na viazi vitamu, mazao yasiyotegemea msimu mmoja. Amri ilitekelezwa kwa ukali, na hata leo wazee hulitaja jambo hilo pamoja na kiboko. Pamoja na hayo haki isemwe: muhogo uliokuwa ardhini uliwaokoa wengi katika miaka iliyofuata, kwa kuwa ni ghala lisiloibiwa kwa urahisi na lisilooza upesi.

Basi ilikuwaje mwaka 1943 na 1944 watu wakafa tena kwa maelfu? Njaa hiyo huitwa Ruzagayura nchini Rwanda, ambako ndiko ilikouma zaidi, lakini Burundi haikusalimika. Mvua zilikatika, hilo ni kweli, wala hakuna anayelikana. Lakini kwa wakati huo huo uliingia ugonjwa wa ukungu wa viazi mviringo, ule ule ulioitesa Ireland karne moja nyuma. Ukungu huo hupenda baridi na unyevu. Yaani msiba unaoitwa ukame ulikuwa na sehemu yake iliyoletwa na umajimaji! Anayeandika kwamba ukame uliua viazi na maharage pamoja ameficha visa viwili chini ya neno moja.

Juu ya hayo ilikuwapo vita. Ubelgiji ilikuwa imetekwa na Ujerumani mwaka 1940, na makoloni yake yakabaki upande wa Uingereza. Pierre Ryckmans, ambaye miaka ya 1920 alikuwa Rezidenti wa Urundi, sasa alikuwa Gavana Mkuu wa Kongo ya Kibelgiji, ambayo Ruanda-Urundi iliunganishwa nayo kiutawala. Jitihada ya vita ilidai madini, na wachimba madini walidai kula. Ng'ombe na vyakula vilitakiwa vitoke katika milima hii iliyojaa watu, na nguvu za wanaume zikatakiwa barabarani na katika mazao ya kuuzwa. Malori na mafuta vilikuwa haba, hivyo hata chakula kilipopatikana mahali pamoja hakikufika upesi mahali pengine. Kila jambo katika haya lilikuwa na mtu aliyelitia sahihi. Mvua haikutia sahihi.

Hatusemi kwamba mvua zingekuwa njema watu wangekufa vile vile. Pasingalikuwa na ukame wa mbingu, njaa ile haingalikuwa na ukubwa ule. Tunalosema ni kwamba ukame wa mbingu ulikuta mlango wa ghala umekwisha kufunguliwa kutoka nje.

Kisa hiki hakikuwa cha Ruanda-Urundi peke yake. Wagogo wa Tanganyika ya kati wanaikumbuka Mtunya, njaa ya miaka ya mwisho ya Vita vya Kwanza, ambapo majeshi ya Kijerumani na kisha ya Kiingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, na mvua zilipokatika hapakuwa na kitu cha kuuzwa wala cha kuliwa. Na katika mwaka ule ule wa 1943, mbali kabisa na Ruvubu, huko Bengal katika India iliyotawaliwa na Waingereza, watu wapatao milioni mbili au tatu walikufa kwa njaa na maradhi yaliyoifuata. Mwanauchumi Amartya Sen, aliyekuwa mtoto huko, alionyesha katika kitabu chake cha 1981 kwamba chakula cha Bengal mwaka huo hakikupungua kwa kadiri ya kueleza vifo vyote vile. Kilichopotea kilikuwa ni uwezo wa vibarua na wavuvi kukinunua, bei zilipopandishwa na vita. Walimu wanaotaka kulinganisha 1943 na 1943 watapata hapo somo zima la historia, na la lugha pia, maana watalazimika kuamua ni kiunganishi gani kinachofaa.

Tuje Muyinga ya siku za karibu. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, Kirundo na Muyinga zilipatwa na mfululizo wa misimu mibaya, na mwaka 2004 hadi 2006 hali ikawa mbaya hata serikali ikatangaza njaa katika mikoa kadhaa ya kaskazini na mashariki. Familia zilihama, baadhi zikavuka mipaka. Magazeti yaliandika ukame, nao ulikuwapo. Lakini tazama kilichotangulia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza mwaka 1993. Kuanzia Julai 1996 hadi Januari 1999 nchi jirani ziliifungia Burundi biashara, na mbolea, mafuta na mbegu vikawa adimu. Bei ya kahawa katika soko la dunia ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kahawa ndiyo iliyokuwa fedha ya nyumba nyingi. Kisha ukafika ugonjwa wa batobato ya muhogo katika umbo lake kali, lililokuwa limetapakaa kutoka Uganda miaka ya 1990. Majani yalikunjamana, yakawa na mabaka ya manjano, na mizizi ikabaki midogo kama vidole.

Ni vigumu kueleza kwa asiye mkulima maana ya jambo hili la mwisho. Ule muhogo ulioamriwa kwa kiboko miaka ya 1930, ambao tangu hapo ulikuwa ghala la chini ya ardhi, ulikwisha wakati mmoja na maharage ya juu. Virusi vyake huenezwa na inzi weupe wadogo na kwa vipande vya mashina vya kupandia, na jirani humgawia jirani mashina hayo kwa wema. Hapo mvua iliyokatika majuma manne, ambayo mwaka 1985 ingemaanisha kula muhogo zaidi na maharage kidogo, ilimaanisha kutokula. Gitega, yenye mvua inayotegemeka zaidi, ilisumbuka lakini haikufikia hali hiyo.

Inafaa pia tuseme kwamba uhusiano wa aina hizi za ukame hauendi upande mmoja. Ghala likiwa tupu, mtu hula mbegu. Aliyekula mbegu hupanda kwa kuchelewa, akiisubiri ya kuazima, na aliyechelewa kupanda impeshi hukutwa na jua la Mei mimea ikiwa bado michanga. Kumbe mvua ya mwaka wake wa pili haikuwa na kasoro, na bado shamba lake lina ukame! Na impeshi ndiyo inayotoa takriban nusu ya mavuno ya nchi. Vivyo hivyo mwenye njaa huuza mbuzi, na pasipo mbuzi hapana samadi, na udongo usio na samadi haushiki maji. Hukata miti achome mkaa wa kuuza, na mlima usio na miti huyaacha maji yateremke bila kuzama, hata chemchemi iliyo chini yake ikame. Hivyo ukame wa nne huzaa wa pili, na wa pili na wa nne pamoja huzaa wa tatu, bila mbingu kuulizwa. Tumeona vitabu vya shule vinavyochora mishale minne ikishuka. Twashauri mwalimu achore na ile inayopanda.

Kwa walimu wa lugha kazi iko katika vitenzi na viunganishi. Mwanafunzi anayeandika kwamba ukame "ulisababisha" njaa aulizwe: ni ukame upi, na ulipitia wapi? Aelekezwe kwenye ulichangia, ulizidisha, uliikuta, uliifunua. Aonyeshwe tofauti ya kusema "mvua zilikatika, watu wakafa" na "mvua zilikatika, na kwa kuwa chakula kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa, watu walikufa." Sentensi ya pili ni ndefu, na masikio ya wengine yataiona nzito. Lakini ina nafasi ya mtu aliyechukua, hata kama kauli ya kutendwa imemficha kidogo. Mwanafunzi hodari atauliza, "Kilichukuliwa na nani?" na hapo somo la sarufi litakuwa limegeuka historia.

Maji ya Ruvubu yameongezewa kazi nyingine siku hizi. Pale Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, chini ya mahali Ruvubu unapoungana na Nyabarongo, umejengwa mtambo wa umeme wa megawati 80 ambao Burundi, Rwanda na Tanzania hugawana, nao ulianza kutoa umeme mwaka 2023. Bwawa la Rwegura, katika milima ya kaskazini-magharibi, lenye megawati 18 tangu 1986, lilikwisha kuwaonyesha Warundi kwamba mvua ikikosekana kwa muda mrefu taa za mjini nazo hupunguzwa. Sasa mtu wa mjini asiyelima hata tuta moja ana sababu ya kuuliza habari za impeshi ya Gitega. Na kwa kuwa ukame wa vijito hukawia, huenda siku atakapouliza, milima yote itakuwa ya kijani.